Nilipaka gundi mimba ikiwa changa. Je, ndiyo sababu mwanangu hasemi?

Shikamoo Mama,

Nina miaka 29, naishi Mbeya pande za Uyole. Naomba jina langu lisitoke. Mtoto wangu nitamwita Baraka, ingawa si jina lake.

Mume wangu ni fundi seremala, mimi navalisha makochi. Mbao zetu zinatoka Mafinga. Banda la kazi limeshikana na nyumba tunayolala, mlango wake unatazamana na wa jikoni. Tulipoanza tulikuwa wawili tu, kwa hiyo nilifanya kila kitu: nakata sponji, napaka gundi, nagongelea kitambaa, na kazi ikizidi namsaidia mume wangu kupaka sila na vanishi.

Mimba ya Baraka niliibeba hivyo hivyo kazini mpaka ilipofika miezi minane. Ilikuwa changa wakati wa Juni na Julai, na Mama unaijua baridi ya huku. Tulifunga mlango na dirisha, jiko la mkaa likawa karibu ili vidole visife ganzi. Ikifika jioni kichwa kinauma, macho yanawasha, nikisimama napepesuka kama mlevi, na mimi pombe sijawahi kuionja. Nilijua ni mimba tu. Wanawake wenzangu wakaniambia ninywe maziwa, kwamba mafundi rangi wote wanakunywa maziwa kuosha kifua. Nikanywa.

Baraka sasa ana miaka 3 na nusu. Alichelewa kutembea, lakini akatembea. Maneno ndiyo hayaji. Anasema mama, maji, gari, hapana, na mengine machache ambayo mimi tu ndiye ninayeyaelewa. Hatulii. Nikimwita, kuna wakati anageuka, kuna wakati ni kama hajasikia. Watoto wa jirani wa umri wake wanaimba, wanasimulia, wanasema uongo. Yeye anasukuma kigari chake cha mbao peke yake.

Mwezi uliopita mdogo wangu anayesomea uuguzi alikuja likizo. Alipoingia bandani akaziba pua, akaniambia, "Dada, hii harufu ndiyo uliyoivuta ukiwa na mimba ya Baraka? Sisi tumefundishwa kwamba inaharibu ubongo wa mtoto." Alisema kwa upendo, najua. Lakini tangu siku ile silali. Nikimwangalia mtoto naona mikono yangu yenye gundi.

Sasa nina mimba nyingine, ya miezi kama miwili. Mume wangu amefurahi mno. Sijamwambia yanayonisumbua. Tumechukua mkopo wa kompresa na mashine ya kuranda, na tumepata oda ya vitanda vya bweni ambayo ndiyo itakayoulipa. Tunaye kijana wa miaka 16 anayejifunza kazi, analala bandani analinda vifaa. Nikisema gundi ni sumu, nitakuwa nimesema mume wangu amemharibu mtoto wake kwa kazi inayotulisha. Akiniuliza, "Kwa hiyo tule nini?" sina jibu.

Mama mkwe anasema nisihangaike, hata baba yake Baraka alichelewa kusema. Ila anataka mtoto akatwe kile kiuzi cha chini ya ulimi, kuna mzee anaijua kazi hiyo. Dada yangu mkubwa aliyeolewa Iringa anasema niondoke kabisa, nikae kwake mpaka nijifungue.

Naomba unisaidie. Je, ni mimi niliyemharibu Baraka? Kuna kipimo cha kuonyesha hiyo sumu, au dawa ya kuitoa? Nimwambie mume wangu, au ninyamaze nijiondokee taratibu? Na juzi nilimkuta Baraka ameshika chupa ya maji ambayo ndani yake kulikuwa na tina. Hakunywa, lakini moyo ulinipasuka.

Mama Baraka, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole. Umeandika barua ndefu kuhusu mimba na humo ndani mwenye furaha ni mume wako peke yake. Nakupa hongera yangu mimi, uiweke mahali, hata kama leo huwezi kuipokea.

Nimekusoma zaidi ya mara moja. Umeuliza mengi, lakini naona swali moja ndilo limekalia mengine yote: je, ni mimi? Kwa sababu hujapata jibu la hilo, umeshindwa kumpeleka Baraka kupimwa, umeshindwa kuongea na baba yake, na umeshindwa kuamua kama Iringa ni kwenda au ni kukimbia. Ni kama vile umejiwekea sharti kwamba mpaka hukumu ya mimba ile ijulikane, hakuna hatua inayoruhusiwa. Naomba tuliangalie hilo sharti pamoja, maana sidhani kama ni la lazima.

Kwanza nikueleze yanayojulikana, bila kukuficha.

Mdogo wako hakukosea. Gundi ya sponji, tina, sila na vanishi vina viyeyushi, yaani vile vimiminika vinavyofanya gundi iwe laini kisha vinaruka hewani ikauke. Harufu unayoisikia ndiyo hivyo vyenyewe. Kimojawapo kinachotumika sana kinaitwa toluini. Ukikivuta kinapita mapafuni, kinaingia kwenye damu, na kwa kuwa kinapenda mafuta kinafika upesi kwenye ubongo. Ndiyo maana ulikuwa unapepesuka. Kondo la nyuma halikizuii, kinapita mpaka kwa mtoto, ambaye ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Mwaka 2006 madaktari wawili, Philippe Grandjean wa Denmark na Philip Landrigan wa Marekani, waliorodhesha kemikali za viwandani ambazo ushahidi wa kudhuru ubongo unaokua ulikuwa umeshatosha. Zilikuwa tano tu: madini ya risasi, zebaki, aseniki, kemikali za mafuta ya transfoma zinazoitwa PCB, na toluini.

Lakini sikiliza ushahidi huo ulitoka wapi, maana hapo ndipo hofu yako imeruka hatua. Madhara yaliyo wazi kabisa, watoto wenye vichwa vidogo, sura inayofanana na ya watoto wa akina mama waliokunywa pombe nyingi, na akili inayokuja polepole, yalionekana kwa wanawake waliokuwa wananusa gundi na rangi makusudi ili walewe, siku baada ya siku, kwa kiwango ambacho fundi hakifikii. Wewe hukuwa hapo.

Kwa wanawake waliovuta kazini picha ni ya ukungu zaidi, ingawa si tupu. Mwaka 1999 watafiti wa Toronto, Kanada, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wajawazito 125 waliofanya kazi na viyeyushi. Watoto 13 walizaliwa na ulemavu mkubwa, wakati katika kundi la kulinganisha alikuwa 1. Na karibu wote hao 13 walikuwa wa akina mama ambao kazini walikuwa wanaumwa: kichwa, macho, kizunguzungu, kifua. Huko Bretagne, Ufaransa, wajawazito walianza kufuatiliwa mwaka 2002. Watoto wa wale waliofanya kazi na viyeyushi walipofika miaka 2 walionekana, kwa wastani, kuwa na utundu na kutotulia zaidi kuliko wenzao.

Kwa hiyo sitakuambia kwamba kichwa kilichokuuma kila jioni hakikuwa na maana. Kilikuwa na maana, na kwa mimba hii ni alama ya kuheshimiwa kuliko kitu chochote nitakachokuandikia hapa. Lakini tafiti hizo zinazungumzia makundi. Zinasema hatari ilipanda. Hakuna hata moja inayoweza kumwonyesha mtoto mmoja wa Uyole na kusema huyu ni kwa ajili ya gundi.

Na kipimo hakipo. Toluini haikai mwilini miaka. Ini huibadilisha na nyingi hutoka kwenye mkojo ndani ya siku moja au mbili. Ukimpima Baraka damu leo, au wewe mwenyewe, haitaonekana ile ya wakati wa mimba. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna dawa ya kuitoa. Kilichotoka hakitolewi tena. Akija mtu na unga wa kuondoa sumu mwilini, au kikombe cha mizizi cha kumpa mtoto, fedha hiyo itunze kwa nauli ya hospitali. Maziwa nayo ni chakula kizuri kwa mjamzito, ila yanakwenda tumboni, na ile hewa ilipita mapafuni. Hayakutani njiani.

Sasa nikuulize, na unijibu polepole moyoni mwako. Tangu mdogo wako aseme lile neno, umewahi kumwangalia Baraka ukatafuta sababu nyingine yoyote?

Umeniandikia, kama jambo dogo, kwamba ukimwita kuna wakati ni kama hajasikia. Mimi sentensi hiyo nimeipigia mstari. Mtoto asiyesikia vizuri hachelewi kwa sababu ubongo umeharibika, anachelewa kwa sababu maneno hayajamfikia. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara, au maji yaliyojaa nyuma ya ngoma bila hata kutoa usaha, linaweza kumfanya asikie leo na asisikie kesho. Amewahi kushika sikio akilia usiku? Naye anakulia pembeni ya mashine ya kuranda na msumeno. Hilo linapimika, na likiwa ndilo, mara nyingi linatibika.

Kuna mengine pia. Alipozaliwa alilia mara moja, au walimhangaikia? Alipata manjano makali wiki ya kwanza? Amewahi kupata degedege au malaria kali? Na chumvi yenu ni ipi? Nakuuliza hili kwa sababu ya mahali tulipo. Nyanda hizi za juu, Mbeya, Iringa, Rukwa, Ruvuma, zilijulikana kwa rovu, kwa kuwa udongo wake hauna madini joto ya kutosha. Miaka ya 1980 na 1990 Serikali iligawa vidonge vya mafuta ya madini joto katika wilaya zilizoathirika, kisha chumvi ikaanza kuwekewa madini hayo. Mjamzito anayekosa madini joto anaweza kuzaa mtoto ambaye ubongo wake umepungukiwa. Ukitumia chumvi ya kienyeji kutoka gulioni kwa sababu ni rahisi, badilisha leo. Ipo pia risasi: baadhi ya rangi za mafuta zilizopimwa hapa nchini zimewahi kukutwa nayo. Kama mume wako hupiga msasa kabati za zamani zilizopakwa rangi, lile vumbi ni la kumwepusha mtoto kabisa, na umtajie daktari.

Mama mkwe wako pia ana hoja. Watoto wanaochelewa kusema wapo katika koo, na kama baba yake alikuwa hivyo, daktari atataka kujua. Tatizo la maneno yake ni pale yanapogeuka kuwa sababu ya kusubiri. Miaka 3 na nusu ni umri wa kupimwa, hata kama mwisho wake utakuwa furaha. Na kiuzi cha ulimi, hapana, mwanangu, hapo naomba usimame. Mtoto anayetamka "gari" na "hapana" ulimi wake unapanda hadi juu. Kiuzi kifupi humsumbua mtoto kunyonya au kutamka baadhi ya herufi, hakimfanyi akose maneno. Wembe wa yule mzee utampa damu na vidonda, na maneno yatabaki pale pale. Unaweza kumjibu mama kwa adabu kwamba daktari wa masikio ataangalia na ulimi. Ni kweli, ataangalia.

Anza kwenye kliniki yenu, nenda na kadi ya Baraka, omba rufaa ya daktari wa watoto na kitengo cha masikio. Hospitali ya Rufaa ya Kanda pale mjini inaweza kuwapokea. Mweleze daktari habari ya gundi kama ulivyonieleza mimi, bila kuipunguza wala kujishtaki. Kwake hiyo ni taarifa.

Na wakati mnasubiri, ubongo wa mtoto wa miaka mitatu haujafungwa. Unaendelea kujijenga kwa anachokisikia na kukifanya. Baraka anacheza peke yake na kigari. Kaa chini naye, uso kwa uso, sukuma kigari naye, kitaje: gari linapanda, gari limeanguka. Akisema "maji", mrudishie "unataka maji ya kunywa". Zima redio ya bandani wakati huo. Na kama bibi yake anamsemesha Kinyakyusa, aendelee, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Awe ni gundi, awe ni sikio, awe ni ukoo wa baba yake, haya ndiyo yatakayomsaidia. Unaona kwa nini nasema huhitaji hukumu kwanza?

Tuje kwa aliye tumboni.

Miezi miwili maana yake mirija ya ubongo na uti wa mgongo imeshafunga, hufunga kama wiki ya nne tangu mimba itunge. Lakini ubongo wenyewe unajengwa miezi yote tisa na baada yake, kwa hiyo kila siku utakayopunguza kuvuta ile hewa ni faida yake. Wahi kliniki, uanze FEFO, vile vidonge vya madini chuma na foliki asidi, mwambie muuguzi kazi yako.

Dada yako wa Iringa anakupenda, na njia yake ina nguvu moja: hewa inabadilika siku hiyo hiyo. Ipime, ila ipime yote. Baraka ataondoka na wewe katikati ya vipimo? Mume wako ataambiwa unaondoka kwa sababu gani, kama sababu yenyewe humwambii? Miezi saba ya mke aliyeondoka kimya inaweza kuleta maneno ambayo gundi haikuyaleta. Tena utakaporudi na kichanga, banda litakuwa pale pale, mlango ukitazama jikoni. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, unashuka chini, na mtoto anayetambaa yupo huko huko chini, naye anavuta hewa nyingi kuliko mtu mzima ukilinganisha na uzito wake. Iringa inaweza kukupa miezi. Sijui kama inakupa nyumba. Lakini kama nyumbani hakutabadilika kitu na kichwa kinaendelea kuuma, itakuwa na uzito mwingine kabisa.

Kukaa nako kuna namna nyingi. Unaweza kubaki kwenye makochi bila kubaki kwenye gundi: kukata vitambaa, kushona, kupima, kuongea na wateja, kwenye chumba ambacho upepo hautoki bandani. Gundi na vanishi vihamie nje chini ya turubai, mchana wakati jua limetoka, na vitanda vikaukie huko huko, visilazwe ndani. Mikebe ifunikwe ikishatumika. Nguo za kazi zibaki bandani. Hasara yake ni mkono mmoja kupungua na oda kuchelewa siku ya mvua, sikufichi. Zipo pia gundi na vanishi za maji. Ni ghali kidogo na hukauka taratibu kwenye baridi yetu, lakini kwa vitanda vya bweni, ambamo watoto wa watu watalala, mteja mwenyewe huenda akaafiki. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali usiitegemee, inazuia vumbi, mvuke unapita. Inayozuia ni ile yenye vichujio vya mkaa, na hiyo imfae mume wako, wewe isikufanye urudi kwenye gundi. Kuna jambo jingine nalisema kwa sauti kubwa: jiko la mkaa na tina kwenye chumba kilichofungwa vinaweza kuiunguza nyumba yote kwa dakika chache, na moshi wa mkaa peke yake unaua.

Sasa mume wako. Umeandika kwamba ukisema gundi ni sumu, utakuwa umesema yeye amemharibu mtoto. Nani aliyekuambia hivyo? Hujampa nafasi hata ya kusikia, na tayari umeshamjibia. Wakati ule ninyi wawili hamkujua. Mlifunga dirisha kwa sababu ya baridi na mlifanya kazi kwa sababu ya njaa, kama nyumba nyingi za mafundi kutoka Mbalizi hadi Makambako. Tena huenda naye anaona Baraka hasemi, na ananyamaza kwa ajili yako.

Kumbuka pia kwamba anayeivuta kuliko wote ni yeye. Miaka ya 1970 mafundi rangi wa Denmark na Sweden waligundulika kupoteza kumbukumbu, kuwa wakali bila sababu, na kuchoka akili baada ya miaka kazini, na nchi hizo zikaanza kuhamia rangi za maji. Ufundi haukufa. Kwa hiyo unaweza kuanza na kichwa chake yeye, au na mimba hii aliyoifurahia: "Baba Baraka, mimba ya kwanza kichwa kiliniuma sana mle ndani. Hii nataka tuibebe tofauti. Tufanyeje?" Ukisema "tufanyeje" unamwita fundi, na fundi akiitwa kwenye tatizo hutafuta namna. Tafuta jioni ambayo hesabu za mkopo hazipo mezani na mama mkwe hayupo sebuleni. Habari za Baraka na mimba ile zinaweza kuja siku nyingine, mkishatoka kwa daktari na jambo la kushika mkononi.

Inawezekana akakasirika. Inawezekana akasema wake wa mafundi wote wanazaa na watoto wanasoma. Ni kweli, wengi wao wako salama, huna haja ya kubishana naye. Unachoomba ni dirisha na turubai. Akikataa hata hilo, wale wasimamizi wenu wa ndoa wapo kwa kazi hiyo, na muuguzi wa kliniki anaweza kumwita mkaenda wote wawili. Kunyamaza nako ni njia, sikulaumu ukiichagua kwa wiki kadhaa ili upate nguvu. Ila fahamu kwamba mwenye kunyamaza atalazimika kutafuta kisingizio kila siku atakapoombwa apake gundi kidogo tu.

Yapo mambo mawili ambayo sitaki yasubiri mazungumzo hayo. Kijana wenu wa miaka 16 analala anavuta usiku kucha. Ubongo wake nao bado unakua, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari. Najua mmemchukua kwa wema ajifunze. Mpatieni godoro mahali pengine, hata sebuleni, gundi na vanishi zipakwe na mtu mzima, na ulinzi wa usiku muupange upya.

La pili ni ile chupa. Leo, kabla ya kulala, toa tina na petroli zote kwenye chupa za maji na soda, zirudi kwenye makopo yake yenye kifuniko na ziwekwe juu, zikafungiwe. Ikitokea mtoto amemeza, usimtapishe na usimpe maziwa. Kinachoua ni pale inapopanda tena na kuingia mapafuni. Mvue nguo kama zimelowa, mwoshe, mkimbize hospitali na ile chupa mkononi waone ni kitu gani, hata kama anaonekana mzima.

Nenda na Baraka kwenye masikio, kisha uniandikie walichosema. Swali la Iringa tutalirudia tukiwa na majibu hayo.